Darasa letu lilikuwa na watu 64. Waliopotea mwaka 2020, nani aliwatafuta?

Kiongozi wa Darasa

Habari zenu nyote. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie.

Mdogo wangu ameanza chuo mwaka huu. Juzi alikuja nyumbani na ratiba yake, yuniti mbili kati ya saba zinafundishwa mtandaoni, akaniuliza bando la kiasi gani litamtosha kwa wiki. Swali la kawaida tu. Lakini lilinipeleka moja kwa moja kwenye sanduku lililo chini ya kitanda changu, nikatoa daftari la mahudhurio la 2020, na tangu siku hiyo sijatulia.

Nilikuwa kiongozi wa darasa, mwaka wa pili, katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi. Daftari lina majina 64, kila jina na nambari yake. Ukurasa wa mwanzo wa Machi umejaa alama za vema kutoka juu hadi chini. Mtihani wa mwisho wa muhula, ule tuliofanyia kwenye simu, watu 49 ndio waliotuma karatasi. Wanabaki 15. Wanne najua walikoishia: mmoja aliolewa, wawili walihamia vyuo vya ufundi, mmoja alifariki, Mungu amrehemu. Kumi na mmoja siwajui walipo. Ni kwa ajili yao nimefungua uzi huu.

Kwa waliokuwa wadogo wakati huo, mambo yalikwenda hivi. Ijumaa, Machi 13, 2020, waziri wa afya Mutahi Kagwe alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Jumapili iliyofuata Rais Uhuru Kenyatta akaagiza shule zifungwe, na vyuo vikuu viwe vimefunga kufikia Ijumaa tarehe 20. Bwenini tulifungasha kwa haraka ya ajabu. Mwenzangu wa chumba aliacha sufuria, blanketi na vitabu vyake vyote chini ya kitanda kwa sababu tulidhani ni mwezi mmoja. Tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Aprili 6 Nairobi ikafungwa, hakuna kutoka wala kuingia, mpaka Julai. Mwenzangu huyo wa chumba alikuwa Kitui, vitabu vyake viko Nairobi, na vikabaki hukohuko.

Kisha tukaambiwa masomo yataendelea mtandaoni.

Nyumbani kwetu ni mtaa wa Pipeline, hapa Nairobi, ghorofa ya tano, chumba kimoja: mama, mimi na wadogo zangu wawili. Anayeijua Pipeline anajua jinsi ghorofa zilivyobanana. Ndani mtandao haukuingia. Ulipatikana juu paani, kwenye kamba za nguo na matangi ya maji, na huko ndiko chuo changu kilikohamia. Saa nane mchana jua linapiga kwenye kioo cha simu, huoni hata herufi moja. Nilichukua leso ya mama nikajifunika kichwa pamoja na simu, kama mtu anayejifukiza. Jasho linadondokea kwenye kioo, kidole kinateleza, na kidole kikiteleza unajikuta umebonyeza pa kutokea. Jirani akiwasha pampu ya maji, simsikii mhadhiri. Mvua ikinyesha, darasa limekwisha. Jioni keateka, mtunzaji wa jengo, alikuwa akifunga mlango wa paa saa kumi na mbili na nusu ili kafyu isimkute ngazini, hata kama mhadhiri yuko katikati ya sentensi.

Mhadhiri wetu mmoja alitumia Zoom ya bure, ambayo hukata mkutano wa watu wengi kila dakika 40. Tunaingia 50, tunakatwa. Tunarudi 41. Tunakatwa tena, tunarudi 33. Kila kurudi ni bando, na aliyenunua bando la saa moja saa yake ilikuwa ikiyoyoma akisubiri kuruhusiwa kuingia.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Katika ukumbi wa mihadhara kiti kitupu kinaonekana. Aliyezoea kukaa karibu nacho atasema, huyu sijamwona tangu Jumatatu, na jioni mtu atapita chumbani kwake kumjulia hali. Mtandaoni sote tulikuwa miraba myeusi yenye majina. Aliyezima kamera kuokoa bando, aliyelala, aliyeacha simu kaunta akimpimia mteja sukari, aliyeondoka moja kwa moja, wote walifanana. Mahudhurio yalichukuliwa kwa fomu iliyofunguliwa dakika tano za mwisho. Ukikatikiwa na mtandao dakika hizo, hukuwepo, hata kama umesikiliza saa mbili nzima. Na yeyote aliyekuwa na nambari yako ya usajili angeweza kukujazia.

Mimi nilijazia watu. Nambari zao zote nilikuwa nazo.

Nambari 41 kwenye daftari langu alikuwa kijana mpole wa safu ya nyuma, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote darasani. Mwishoni mwa Mei aliniandikia, "Kiongozi, nijazie leo, sina bando." Nikamjazia. Wiki iliyofuata hakuomba, nikamjazia tu, nikijua hali ni ileile. Nilimjazia wiki saba. Kwenye rekodi za chuo kijana yule alihudhuria kila kipindi. Wiki ya nane nilimpigia kumkumbusha CAT, ule mtihani mdogo wa ndani ya muhula, simu haipatikani. Nikapiga tena kesho yake, na keshokutwa. Mpaka leo haipatikani.

Nilidhani namsaidia. Ningemwachia nafasi wazi, labda mtu ofisini angeiona na kuuliza.

Naomba mnieleze nyinyi mlikuwa wapi na ilikuwaje kwenu. Na kama wewe ni mmoja wa waliopotea, tafadhali sema.

Mama wa Umoja

Wanangu, mimi ni mzazi, nimeingia humu kupitia simu ya binti yangu, mniwie radhi.

Nauza mitumba soko la Gikomba. Mwaka ule serikali ilizuia mitumba kuingia nchini tangu Aprili, ikaruhusu tena Agosti. Miezi minne hakuna robota jipya. Tuliuza mabaki, kisha tukauza mabaki ya mabaki. Nyumbani nina watoto watatu: wa chuo mwaka wa mwisho, wa kidato cha tatu, na wa darasa la sita. Simu yenye intaneti ni moja, yangu.

Tulibandika ratiba ukutani. Wa chuo saa mbili hadi saa sita, wa kidato cha tatu mchana, mdogo jioni. Mimi wateja wangu walinipata usiku. Halafu mhadhiri anahamisha kipindi kutoka asubuhi kwenda saa tisa, anatuma ujumbe mara moja tu, na ndani ya nyumba yangu kunazuka vita. Wa kidato cha tatu analia kwamba ni zamu yake. Mkubwa naye analia kwamba ni CAT. Nilikuwa nasimama katikati ya watoto wangu wawili wanaolilia kusoma, na sina la kuwaambia.

Dada yangu wa Voi alinitumia shilingi 200 kila Jumatatu za bando. Mwaka huo kutuma M-Pesa isiyozidi shilingi 1,000 hakukuwa na makato, na hilo lilitufaa sana, mia mbili ilifika ikiwa mia mbili.

Binti alimaliza. Mahafali yenyewe yalikuwa mtandaoni, tukayatazama watano kwenye simu ileile. Jina lake lilipita haraka nikalikosa, nikamwambia arudishe nyuma.

Kiongozi, usijilaumu mwanangu. Lakini umenifanya nifikirie mtoto wa jirani yetu aliyeacha. Nilimwona akibeba maji kwa mkokoteni mchana kutwa, nikawa namsifu kwamba ni kijana mwenye bidii. Sikumwuliza chuo kimefika wapi.

Komredi wa Marigat

Mimi nilikuwa nasoma Nairobi lakini kufuli, ile marufuku ya kusafiri, ilinikuta nyumbani, Baringo. Kupata mtandao ni kupanda kilima, kama dakika arobaini, na mbuzi wanakwenda nami kwa sababu huwezi kuwaacha.

Julai 2020 zile balooni za intaneti za Loon zikaanza kazi rasmi, Baringo ikiwa ndani ya eneo lake. Ziliruka kilomita kama 20 juu, zaidi ya ndege za abiria. Watu walizisema vizuri sana redioni na nilifurahi kama mtoto. Lakini ulihitaji simu ya 4G na laini ya Telkom. Laini nilinunua. Simu yangu ilikuwa ya 3G. Binamu yangu mwenye simu ya 4G alipata mtandao mzuri akiwa amekaa mlangoni kwao, kwa hiyo kitu kilifanya kazi, msinielewe vibaya. Kufikia Machi 2021 mradi ulikuwa umefungwa.

Nilimaliza mwaka kwa sababu mwenzangu mmoja darasani alikuwa akirekodi mhadhara na kuutuma WhatsApp kama sauti tupu. Saa nzima haikufika megabaiti 20. Nilikuwa napanda kilimani mara moja kwa wiki, napakua zote, nashuka nazo, nasikiliza nikichunga. Kama kuna kitu kimoja ningewaambia wanaofundisha mtandaoni leo, ni hicho: tumeni sauti. Video ya saa moja inaweza kula gigabaiti nzima, na nusu ya muda mnaonyesha slaidi isiyosogea.

Kiongozi wa Darasa

Komredi wa Marigat, asante. Mimi pia nilituma sauti, na picha za daftari langu. Kila Ijumaa nilipiga picha kurasa zote za wiki na kuziweka kwenye grupu. Hilo ndilo jambo ninalojivunia katika mwaka ule.

Mama, shikamoo. Asante kwa kuandika. Huyo kijana wa mkokoteni bado yuko mtaani?

Nasoma kwa Masikio

Kiongozi, nakuandikia kwa heshima, na sitaki ujisikie vibaya, lakini lazima niliseme.

Mimi sioni. Nasoma kwa programu inayonisomea maandishi ya kwenye simu kwa sauti. Maandishi, si picha. Mwaka 2020 darasa letu nalo lilikuwa na mtu mkarimu kama wewe, akituma picha za daftari lake kila wiki. Grupu zima linamshukuru. Simu yangu ilikuwa inaniambia "picha", "picha", "picha", "picha", mara ishirini na sita. Kisha inanisomea shukrani za wenzangu, mmoja baada ya mwingine.

Kabla ya korona nilikuwa na rafiki aliyeketi kando yangu na kuninong'oneza kilichoandikwa ubaoni. Alikuwa anajua lini nimepotea kwa kunisikia nikiacha kuchapa. Mtandaoni hakukuwa na kando. Mhadhiri anasema "kama mnavyoona hapa", na hapo mtu kama mimi hapaoni.

Niliomba mara moja kwenye grupu mtu anichapie ukurasa mmoja tu. Ujumbe wangu ulizama chini ya nyingine mia. Sikuomba tena. Nilirudia yuniti tatu.

Namshukuru mhadhiri mmoja aliyekuwa akinipigia simu ya kawaida, si ya mtandao, Jumamosi baada ya chakula cha mchana, akinisomea slaidi zake mwenyewe. Dakika ishirini. Yuniti yake nilipata A.

Kiongozi wa Darasa

Nimesoma ujumbe wako nikalazimika kuondoka kwenye simu kwa muda.

Nambari 17 kwenye daftari langu alikuwa na uoni hafifu. Alikuwa akiketi mbele kabisa na miwani minene. Nilimtumia picha zilezile. Yeye ni mmoja wa wale wawili waliohamia chuo cha ufundi, na sikuwahi kumwuliza kwa nini.

Nitamtafuta. Nambari yake ninayo.

Mfanyakazi wa Viwandani

Naomba niseme upande mwingine, msinikasirikie.

Nilikuwa nafanya kazi Industrial Area, naishi Kitengela, nasoma jioni mjini. Kabla ya 2020 nilikuwa nakosa nusu ya vipindi. Msongamano wa Mombasa Road mnaujua, na nauli wakati wa mvua mnaijua. Mtandao ulinipa digrii. Nilikuwa nasikiliza mhadhara nimekaa kwenye basi la kampuni, nikifika nyumbani naandika. Kafyu ilipoanza, darasa la saa kumi na moja na nusu jioni lingekuwa haliwezekani kabisa kama si mtandao.

Kwa hiyo kwangu haikuwa hasara. Nilikuwa na mshahara, nilikuwa na kompyuta ndogo ya kazini, nilikuwa na chumba changu. Nikisoma mnayoyaandika naona kwamba nilikuwa na vitu vitatu, na huenda hivyo vitatu ndivyo vilivyonisomesha.

Ila mimi pia sikujua nani aliacha. Wenzangu wa darasani sikuwahi kuwajua sura.

Mhadhiri wa Vipindi

Nimefundisha takwimu katika vyuo viwili hapa mjini, nikilipwa kwa yuniti, si mwajiriwa wa kudumu. Ninaandika kama mtu aliyekuwa upande wa pili wa miraba hiyo myeusi.

Wiki ya kwanza nilikuwa na hasira. Niliona majina 80, nikauliza swali, kimya. Nikauliza tena, kimya. Nilidhani mnanidharau. Hakuna aliyenifundisha kufundisha hivyo. Nilipewa barua pepe yenye kiungo, basi. Ubao sikuwa nao, nikawa naandika milinganyo kwa chaki kwenye mlango wa kabati la nguo, mke wangu ameshika simu. Mkono wake ulipochoka maandishi yalikuwa yanainama, nami naendelea.

Siku moja nilisisitiza. Nikasema, leo kila mmoja atafungua maikrofoni na kujibu, nitaita majina. Wa kwanza alipofungua nikasikia mtoto mchanga analia karibu sana na mdomo wake. Wa pili nilisikia mashine ya kuchomelea. Wa tatu ni mnada wa nyanya, mtu anaita "hamsini, hamsini", na kijana ananijibu kwa ufasaha kabisa maana ya mchepuko sanifu huku akihesabu chenji. Wa nne alifungua nikasikia mvua kwenye mabati, mvua peke yake, na yeye akiongea sikupata neno. Sikumaliza orodha. Niliwaambia wafunge maikrofoni na nikafunga darasa mapema, nikakaa pale mbele ya kabati.

Kuanzia hapo niliacha kuchukua mahudhurio kwa fomu. Nilichukua orodha ya wasiotuma kazi ya wiki na kuwapigia mmoja mmoja kwa salio langu, na malipo yangu ya muhula huo yalichelewa zaidi ya mwaka, kwa hiyo salio hilo lilikuwa na uzito nyumbani. Niliwapigia 22. Waliopokea ni 14. Kati yao tisa walirudi darasani. Nilichowaambia ni kidogo sana: nimeona haupo, uko salama? Mmoja alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mwalimu, sikujua kuna mtu anaona."

Kiongozi, kuhusu nambari 41. Ungeacha nafasi wazi, labda mtu angeuliza, labda asiulize. Mimi nimeona orodha zenye nafasi wazi zikipita meza kwa meza bila mtu kuinua macho. Kazi ya kumtafuta ilikuwa yetu waalimu na ya ofisi, si ya binti wa mwaka wa pili aliye juu ya paa.

Kiongozi wa Darasa

Mwalimu, nimekusikia, na nashukuru. Lakini siwezi kukubali yote. Kweli kazi ilikuwa yenu, ila mimi ndiye niliyejua. Ofisi haikujua kwa sababu mimi niliiandikia kwamba yupo.

Mdogo wangu nimemwambia jambo moja. Katika grupu lao la mtandaoni wagawane watu watano watano, na kila mtu awe na wanne wa kuwapigia simu ya sauti Ijumaa. Si ujumbe. Ujumbe mtu anaweza kuujibu "poa" akiwa hali yake si poa hata kidogo.

Sina Jina Hapa

Nimesoma uzi huu mara tatu tangu jana usiku.

Mimi si nambari 41 wako, dada. Nilikuwa chuo kingine, kozi nyingine. Lakini ni mmoja wao.

Nilikuwa mwaka wa tatu. Baba alikuwa konda. Matatu za abiria 14 ziliamriwa kubeba wanane, mwenye gari akaona hesabu haiji, akaliegesha. Julai nikajiandikisha Kazi Mtaani, vile vibarua vya serikali kwa vijana, awamu ya pili, shilingi 455 kwa siku. Tulikuwa tunazibua mitaro Mathare. Kipindi cha Jumanne kilianza saa nne na sisi tupo mtaroni tangu saa moja. Nilipitisha waya wa spika za masikioni ndani ya ovaroli, sikio moja la mhadhiri, jingine la msimamizi. Na nawaambia kweli, nilikuwa naelewa. Jioni niliandika yote niliyokumbuka nyuma ya kalenda ya duka, mwezi kwa mwezi, nilikuwa nimefika Septemba.

Wiki ya tano au ya sita niliinama kuvuta gunia lililokwama chini ya daraja la miguu. Simu ilitoka mfukoni ikaingia majini. Niliitafuta kwa mikono. Wenzangu waliacha kazi wakanisaidia kutafuta, watu wanne tumeinama kwenye maji yale meusi. Tuliipata. Tukaiweka kwenye mchele siku tatu, haikuwaka.

Laini haikuharibika. Niliiweka kwenye kimulimuli cha mama, simu ndogo isiyo na intaneti. Nambari yangu ilikuwa ileile, na kila usiku niliichaji. Yeyote ambaye angenipigia angenipata. Nilisubiri mpaka Desemba. Februari 2021 nikanunua simu nyingine, nikafungua WhatsApp, nikakuta nimeondolewa kwenye grupu la darasa. Waliondoa nambari zilizokuwa kimya ili grupu lisijae.

Sikuwakasirikia. Niliona tu kwamba wamezoea.

Sasa ni mchomeleaji, Kariobangi. Kazi ipo, nashukuru Mungu. Nina yuniti 27 nilizofaulu. Sijawahi kumwuliza mtu swali hili kwa sababu naona aibu: zina thamani yoyote mpaka leo?

Mhadhiri wa Vipindi

Zina thamani. Nisikilize vizuri.

Nenda ofisi ya msajili wa masomo na kitambulisho chako pamoja na nambari ya usajili. Kabla ya jambo lingine lolote, omba nakala rasmi ya matokeo yako. Hayo ni yako, uliyafanyia kazi, hata kama hukurudi. Kuna ada kidogo, na huenda ukaambiwa upate sahihi ya maktaba na ya bweni kwamba hudaiwi. Kisha andika barua ya kuomba kurejea masomoni. Taja tarehe uliyosimama na sababu, kama ulivyotuandikia hapa, usipambe. Wakikwambia muda wa kozi umepita, waombe wakuandikie hivyo, kwa sababu kwa nakala hiyo ya matokeo chuo kingine kinaweza kukutambulia baadhi ya yuniti. Usikubali jibu la dirishani. Barua yako igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki na nakala.

Na usione aibu, kijana wangu. Ulihudhuria mhadhara ukiwa mtaroni.

Mama wa Umoja

Kiongozi uliniuliza kuhusu kijana wa mkokoteni. Yupo. Nimetoka kwao sasa hivi, anasema alifika mwaka wa pili, na nambari ya usajili ameiandika kwenye kadi ya kliniki ya mtoto wake. Haya maelezo ya Mwalimu nimeyanakili kwa mkono nimpelekee.

Sina Jina, mwanangu, umekula leo?

Nasoma kwa Masikio

Sina Jina, barua ikikusumbua kuandika, nitumie sauti ukieleza kila kitu, mimi nitaichapa. Nachapa haraka.

Kiongozi wa Darasa

Ndugu yangu, kesho kutwa, Jumanne, sina kazi hadi saa nane mchana. Ukitaka mtu wa kukaa nawe kwenye foleni ya msajili nitakuja. Niambie tu ni chuo gani kwenye ujumbe wa faragha.

Sina Jina Hapa

Nimekula, mama. Asante.

Kesho nina geti la kumalizia, mteja wa Dandora analisubiri. Jumanne naweza. Nambari ya usajili bado naijua kwa kichwa.

Kiongozi wa Darasa

Basi Jumanne, saa tatu asubuhi, getini. Utanitambua, nitakuwa na daftari mkononi.